Safari Hii Krispi Zitaifikia Dhoruba

Jumatano, 5 Februari

Redio imetangaza dhoruba Jumamosi. Upepo wa kaskazini mashariki, theluji ya kufika kiunoni, umeme huenda ukakatika. Nimemshukuru Mungu kwa redio. Halafu nikatafuta kikapu changu.

Daftari hili Effie alinitumia Krismasi. Alisema mama, wasiwasi wako uwe unauandika, usinipigie simu kwa kila mmoja. Mimi niliacha shule darasa la nane nikaenda kiwanda cha samaki, lakini kuandika najua. Basi naandika.

Effie mwenyewe kapiga simu leo kutoka Alberta, upande wa pili wa Kanada. Mimba ina miezi saba. Anafika Ijumaa, atajifungulia huku kwetu Cape Breton, mumewe atafuata mwezi wa nne kazi ikiisha. Nikamwambia chumba chake kipo. Akasema sawa mama, nitafikia kwako, halafu tutaona.

Hilo "tutaona" limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Najua linatoka wapi. Ng'ambo ya barabara anakaa wifi yangu Dolina, dada yake mume wangu Hughie. Kapaka rangi chumba cha juu. Kaweka mapazia yenye vibata. Mjane wa miaka sitini na tatu, hana mtoto wala mjukuu, vibata vya nini? Anamtaka Effie wangu. Anataka mtoto alale kwake.

Na kosa ni langu. Krismasi ya mwaka juzi umeme ulikatika siku tatu. Hapa kwetu kila nyumba hununua krispi za viazi dhoruba ikitangazwa, na karibu kila nyumba huzimaliza kabla dhoruba haijafika. Ila wengine hubakiza. Sisi hatukubakiza. Hughie alikula pakiti tano kwa sababu aliusikia upepo. Mimi nilionja tu. (Tatu.) Effie akabaki na bitiruti za siki, na siku ya pili akavuka barabara kwenda kwa Dolina, mwenye jenereta na rafu zenye vibandiko. Alirudi kuchukua mswaki.

Safari hii atakaa kwangu, na atakula.

Duka la ushirika lilijaa watu. Dolina alikuwa mbele yangu kwenye foleni na orodha yake mkononi. Akakitazama kikapu changu, pakiti nane, akauliza watu wote wasikie: "Wifi, hizo zitaiona Jumamosi kweli, au tuziage hapa hapa?" Foleni nzima ikacheka. Nikamjibu kwangu vitu huisha kwa sababu nina watu wa kuvila. Nikajiona nimeshinda. Dolina aliangalia orodha yake mpaka zamu yake ilipofika.

Alhamisi, 6 Februari

Asubuhi. Krispi zangu za siki nimezificha ndani ya mashine ya kufulia. Hughie hajaigusa mashine ile tangu tuinunue, hajui hata inafungukia wapi. Nimelala usingizi wa mtoto.

Alasiri. Sijui niandike vipi. Hughie kaingiwa na huruma kwa ajili ya ujio wa binti yake. Kaamua, kwa mara ya kwanza katika ndoa ya miaka thelathini na minne, kufua mashuka. Bila miwani. Kayasokomeza juu ya krispi, sabuni vikombe viwili, maji ya moto. Mimi nilikuwa kanisani kupanga viti. Nimerudi nimemkuta kainamia mashine anakuna kichwa. Ananiambia sabuni za siku hizi zina makapi.

Mashuka ya Effie yananuka siki. Nimeyafua mara tatu, bado. Ningemgombeza, lakini baba anayemfulia mwanawe mashuka utaanza kumgombeza wapi? Nimemkatia keki. Nami nimekula, kwa ajili ya mshtuko. Mungu amenipa mume mwema na macho mabovu, nashukuru vyote viwili.

Ijumaa, 7 Februari

Krispi zimekwisha mjini. Rafu tupu kama imefutwa. Muuzaji kaniambia mama Murdena, wewe si ulichukua nane juzi? Nikasema nina wageni.

Nimeendesha gari dakika arubaini hadi mji wa pili. Nimepata pakiti sita za mwisho, na safari hii sikuishia kwenye krispi. Biskuti za chumvi. Siagi ya karanga. Zabibu kavu, njugu, pichi za kopo, chokoleti. Vitu vya kukaa mwaka mzima bila kuharibika. Dolina mwenyewe angevibandika vibandiko.

Krispi zimefika nyumbani pakiti tano. Lazima mtu ahakikishe hazijaota ukungu.

Nimetafakari sana mahali pa kuzificha. Ndani ya nyumba hapafai, Hughie ana pua ya mbwa. Mimi pia, nikiwa na wasiwasi, mkono wangu huenda wenyewe. Basi nimevibeba vyote hadi kibanda cha uani, tunakoweka mashine ya kukatia majani, nikapiga kufuli, na ufunguo nimeuvaa shingoni pamoja na msalaba. Hughie alikuwa dirishani ananitazama. Nilipoingia akauliza: "Mke wangu, dhoruba si itakuwa nje? Na kibanda kiko wapi?" Nikamwambia ana tamaa na anatafuta njia.

Saa kumi Effie akafika. Kanenepa mashavu, kawa mzuri. Nikaweka mkono tumboni, mtoto akapiga teke moja la nguvu. Nimelia mpaka Hughie akazima redio. Asante Mungu, asante, kwa ndege kutua na barabara kuwa kavu.

Haikupita nusu saa Dolina akaingia na blanketi la kufuma. Lina vibata. Akamuuliza Effie atapita lini kukiona chumba. Effie akasema atapita, shangazi, tutaona baada ya dhoruba. Baada ya dhoruba! Kumbe dhoruba ndiyo mtihani wenyewe. Nikaushika ufunguo wangu nikatabasamu.

Jumamosi, 8 Februari

Imeanza saa moja asubuhi. Saa tatu siioni barabara. Saa tano siioni nyumba ya Dolina. Saa sita sikioni kibanda.

Saa nane umeme ukakatika. Jiko la kuni linawaka, joto lipo, namshukuru aliyepasua kuni, ambaye ni Hughie. Effie akajinyoosha kwenye kochi akasema mama, leo mdomo unataka kitu cha chumvi. Kidogo tu, cha kutafuna.

Hiyo ndiyo saa niliyoisubiri tangu Krismasi ya mwaka juzi. Nikasema mwanangu, kila kitu kipo. Nikavaa koti, buti, ushungi, nikafungua mlango wa nyuma. Mbele yangu umesimama ukuta mweupe wa theluji, umebeba hata alama ya kitasa.

Nikamwambia Hughie anifunge kamba kiunoni. Akasema Murdena, acha. Nikasema funga. Tukatoboa ukuta kwa beleshi, nikatoka. Hatua ya kwanza magotini, ya pili mapajani, ya tatu sikuona tena miguu yangu, ya nne nikatoweka. Nilisikia Hughie ananiita kwa jina langu zima la ubatizo. Nikavutwa nikaingia kwa mgongo kama gunia la viazi, na ushungi umebaki huko huko.

Effie alicheka mpaka akashika tumbo kwa mikono miwili. Nikamwambia usicheke, utazaa. Akacheka zaidi. Akauliza mama, umefuata nini hasa? Ikabidi nimwonyeshe ufunguo. Hughie akasema yeye aliuliza. Nikamwambia anyamaze. Akasema ameshanyamaza tangu jana.

Kabatini mna uji wa shayiri, majani ya chai, figili, na bitiruti. Zile zile. Effie kala uji akasema mtamu. Naijua sauti yake akidanganya. Kesho upepo ukilegea atavuka barabara kwa shangazi yake. Nimekaa karibu na jiko nikijiambia heri yeye ni mzima, heri mtoto anapiga teke. Ni kweli nashukuru. Lakini roho inauma.

Jumapili, 9 Februari

Theluji bado. Ibada hakuna, tumesali jikoni.

Saa nne upepo ukalegea kidogo, na mlango wa mbele ukagongwa. Nikajua ni Dolina, kamfuata Effie. Nikatengeneza uso.

Alikuwa mweupe kuanzia kofia hadi buti, anavuta beseni la plastiki kwa kamba. Kuvuka barabara kumemchukua karibu nusu saa, kila hatua kashikilia uzio. Ndani ya beseni krispi pakiti kumi na mbili, biskuti, nyama ya kopo, na mto wake wa kulalia.

Nikauliza wifi, mto wa nini? Jenereta imekufa?

Akasema jenereta inafanya kazi vizuri sana. Inanguruma mchana kutwa, na taa zinawaka vyumba vyote, na yeye anakaa katikati akizitazama. Tangu mumewe Roddie afe hawezi kuusikiliza upepo peke yake. Akaniuliza, macho kwenye buti zake, kama jikoni kwangu pana nafasi. Akaongeza haraka kwamba chakula kaja nacho, asije akasemwa.

Nikamvua koti. Nikamvua na buti, maana vidole vyake vilikuwa havikunjiki. Effie akasema: "Shangazi, sasa naweza kumwambia?" Dolina akatikisa mkono, mwambie tu.

Basi ni hivi. Krismasi ile Effie hakuvuka barabara kwa sababu ya bitiruti. Ilikuwa Krismasi ya kwanza bila Roddie. Dolina alimpigia simu akilia, kabla laini haijakatika, akamwapisha asimwambie mtu, hasa mimi. Effie akakaa naye siku mbili. Akasema chakula cha shangazi hata hakukigusa sana, walikuwa wanacheza karata.

Mwaka mzima na ushee nimemchukia mwanamke mwenye majonzi kwa sababu ya krispi.

Nikamwambia Dolina mbona hukuniambia mimi? Akasema wewe, wifi? Ungeniletea supu halafu ungeitangaza kanisani. Hughie akacheka mpaka akakohoa. Sikukasirika. Ningeitangaza.

Tumekula krispi za siki wote wanne kutoka bakuli moja. Dolina karata anaiba, nimemwona, nimemwacha. Sijui lini jikoni kwangu palikuwa na joto hivi. Mungu wangu, asante kwa beseni lile na kamba yake.

Jumatatu, 10 Februari

Greda la theluji limepita saa tano, umeme umerudi saa saba. Dolina akachukua mto wake kwenda zake. Nikaona heri niulize kabla sijafa kwa wasiwasi. Nikamuuliza Effie, mtoto atalala wapi?

Effie akanitazama kama aliyeulizwa jina lake. Akasema kwako, mama, atalala wapi kwingine? Chumba kile cha juu kwa Dolina ni cha mume wake Effie, akija mwezi wa nne, kwa sababu anakoroma, na shangazi anataka kusikia mtu akikoroma ng'ambo ya ukuta. Hilo ndilo lililokuwa lile "tutaona" lake. Vibata Dolina alivikuta dukani, ndiyo mapazia pekee yaliyobaki.

Nimeingia stoo nikalia kidogo. Machozi mazuri. Halafu nikamwita Dolina arudi, nikamchemshia chai, nikamwekea sukari mwenyewe.

Jumatano, 12 Februari

Hughie kamaliza kufukua kibanda. Kila kitu salama, hata panya hajagusa. Nimemshukuru, nimemsugua mgongo. Nikaleta vyote ndani, tukavipanga juu ya meza, Effie akapiga picha.

Redio imesema dhoruba nyingine inakuja Ijumaa.

Nimekaa nikafikiri kwa utulivu, maana sasa najua nilikosea wapi. Kibanda kilikuwa karibu mno. Hughie alikijua, alikiona dirishani, na mimi mwenyewe roho ilikuwa inakwenda huko kila saa. Nimekwenda kwa Dolina tukashauriana kama ndugu. Kaniachia nafasi chini kabisa, nyuma ya rafu zake, na kanibandikia vibandiko vilivyoandikwa "sabuni". Nimevivusha vyote leo, isipokuwa pakiti moja ya kuhakikisha, ambayo nahakikisha sasa hivi ninapoandika.

Na uzuri wa mpango ni huu. Dolina kasema kuanzia sasa kila dhoruba atakuwa kwetu. Ijumaa asubuhi, kabla theluji haijaanza, atafunga milango yote aje na mto wake. Nyumba ile itakuwa tupu dhoruba nzima. Hakutakuwa na mtu hata mmoja wa kuvila.