Viumbe Wasio na Kibali katika Bwawa la Mkolani

“Kufikia Jumatatu asubuhi, vijidudu wote waliomo katika bwawa hili watakuwa wamekufa. Hilo ni agizo!” Ndivyo alivyotangaza Mkurugenzi Florian Bagenda, na watumishi wakapiga makofi, maana kwa Florian kutopiga makofi ni utovu wa nidhamu.

Bwawa lenyewe, pale kituo cha mionzi Mkolani, huhifadhi vyuma vyenye mionzi ya kuua ng'ombe. Kwa mujibu wa mwongozo, hakuna kiumbe anayeruhusiwa kuishi humo. Sasa kuta zimeota ute wa kijani, na mgeni rasmi anakuja kutoka Dodoma! Florian roho juu. Ukurugenzi wa kanda ulishaanza kumnukia kama sato wa kukaanga.

Prudencia, mtaalamu wa vijidudu, alijaribu kumweleza. “Bosi, mionzi inawavunjavunja, wao wanajiunga upya. Halafu wanajibanza pamoja ndani ya ule ute, wanakingana.”

“Kwa kibali cha nani?”

“Hawakuomba, bosi.”

“Umeona? Jeuri tu hiyo.”

Ikaundwa Kamati ya Kuwaondoa Viumbe Wasio na Kibali. Kuta zikasuguliwa kwa brashi ndefu. Mawe ya getini yakapakwa chokaa, kama ilivyo ada mgeni akija. Ukingoni likasimikwa bango: KUZALIANA HUMU NI MARUFUKU.

Jumatatu mgeni rasmi, Mama Kokugonza, akashuka garini. Florian akamkimbilia.

“Shikamoo, mama! Vijidudu tumewamaliza wote!”

“Marahaba. Umewamaliza?” Mama akasimama. “Mimi nimetoka Dodoma kuja kuwaona hao. Kiumbe anayejirekebisha mwenyewe! Wizarani tumemtafuta hatujampata.”

Loo! Jasho lilimtoka Florian mpaka kwenye soksi. Prudencia akachota maji, akainamia darubini.

“Wapo, mama. Wamejaa tele.”

Florian nusura amkumbatie. Mama akalitazama bango. “Kwa hiyo agizo lako halikufanya kazi?”

“Halikufanya, mama! Nakuapia, maagizo yangu hapa hayafanyi kazi hata kidogo! Waulize!”

Watumishi wakapiga makofi. Siku hiyo hakuna aliyewalazimisha.

“Ahsante kwa ukweli,” alisema Mama. “Basi kituo kitakwenda bila wewe.”

Sasa Prudencia ndiye kaimu mkurugenzi. Florian naye hakutupwa, amepewa Dawati la Ustawi wa Vijidudu. Kila asubuhi huzunguka bwawa kuhakikisha hakuna mtu anayewasumbua.