Poda ya Shangazi Agnès na Vumbi la Nyota Changa

Jumatatu, 4 Juni 2001

Imetangazwa! Nafasi moja ya chef de travaux katika fizikia hapa chuoni, ngazi moja juu ya assistant, waombaji wawili: mimi Ignace, na assistant mwenzangu Gaston. Nimechoka kuitwa assistant. Hata mamans wa sokoni wananiita hivyo. Ijumaa kila mmoja atafundisha mbele ya jury ya maprofesa, na mada ni moja: namna vumbi linalozunguka nyota changa linavyogeuka kuwa vijisayari, yale mabonge ya mwanzo yanayozaa sayari. Risasi zinasikika upande wa Mudaka, jury inauliza habari za vumbi. Sawa. Vumbi nalijua.

Gaston alikuja kuomba tugawane somo: yeye aeleze punje zinavyonatana, mimi nieleze yanayofuata. Eti jury itafurahi. Nilimjibu kwamba nitafikiri. Sikufikiri.

Jumatano, 6 Juni

Shida. Mwanzo ni rahisi: punje zinagusana polepole, zinanatana, zinakuwa kokoto. Lakini bonge likikaribia metre moja, mambo yanaharibika. Mabonge yakigongana yanavunjika. Na lile linalosalimika linazunguka mbio kuliko gesi, gesi inalipiga usoni kama upepo, linapungua mwendo, linaangukia nyota. Kwisha! Sasa sayari zilitoka wapi? Wataalamu wenyewe wanabishana. Gaston anasema amepata maelezo mazuri. Nimuulize Gaston? Mimi? Afadhali nimeze chaki.

Alhamisi, 7 Juni

Dawa imepatikana. Kwetu mtu akifaulu, familia inammwagia poda kichwani na kuimba. Aliyekwisha kumwagiwa poda, nani atathubutu kumuuliza swali? Nilipita Kadutu kwa shangazi Agnès, nikamwomba aje na mamans wa kwaya, poda iwe ya kutosha. Ishara ni makofi ya kwanza. Makofi nitayaomba mwenyewe, kabla tu ya kufika kwenye metre moja.

Shangazi aliuliza kama poda haingoji matokeo. Nilimwambia siku hizi, sababu ya vita, inatangulia. Akasema bon, hii vita iliharibu kila kitu.

Ijumaa, 8 Juni

Aibu gani hii!

Profesa Raphaël, rais wa jury, alitoka Lwiro kwa miguu, magari hayapiti. Akakaa, akavua viatu, akaniambia nianze. Nilianza vizuri. Punje zilinatana. Nimefika kwenye kokoto, umeme ukakatika. Karatasi zikanianguka, nikaingia chini ya meza kuzitafuta. Gaston, ambaye hakuna aliyemwita, akaja mbele kushika projecteur isianguke.

Ndipo umeme ukarudi. Ukumbi mzima ukapiga kelele "Courant! Courant!" na makofi, kama tunavyofanya siku zote hapa Bukavu. Hilo sikulifikiria. Taa ya projecteur iliwapiga mamans machoni, wakaona tu mtu mwenye tai amesimama. Wakammwagia poda yote. Gaston! Shangazi akapiga vigelegele mpaka Profesa akasimama. Mimi niliinuka haraka, nikagonga kichwa, nikakaa tena.

Nilijipa moyo kwamba Gaston amekwisha. Wapi! Mweupe mpaka kope, aliomba watu watazame poda ikielea kwenye mwanga. Akasema punje iliyo peke yake inabebwa tu ovyo. Lakini vumbi lote likishuka na kusongamana katika tabaka jembamba, uzito wa punje zote unazivuta pamoja, na bonge kubwa linaweza kuzaliwa kwa mara moja, bila kupita kwenye metre moja. Akaongeza kwamba hilo ni wazo tu, wengine wanalikataa. Profesa alifuta poda kwenye miwani, akamwomba aendelee. Aliendelea. Mimi nilisikiliza nikiwa chini ya meza. Iliniuma, nisiseme uongo.

Jumatatu, 11 Juni

Matokeo: Gaston. Nilikwenda kukaa peke yangu nyuma ya jengo mpaka roho itulie.

Profesa aliniita. Kumbe Gaston aliiambia jury kwamba somo lilikuwa letu wote wawili. Ameomba tufanye kazi pamoja katika maabara, na nafasi nyingine ikifunguka, atanitetea yeye mwenyewe. Jury imekubali. Profesa akasema wazi kwamba hii ndiyo bahati yangu ya mwisho: nisipojua kufanya kazi na mwenzangu, nitazeeka assistant. Nilimshukuru kwa mikono miwili. Gaston alinikumbatia, poda bado iko masikioni mwake.

Nimetafakari sana. Ni wazi kwamba Gaston ananiogopa.

Nikapita sokoni kununua kufuli ya mlango wa maabara. Nzuri, ya chuma kizito. Muuzaji alinipa funguo mbili. Nilimrudishia moja.