Mate ya Wastani

Jumapili, 10 Novemba

Nimeamka na aibu ileile niliyolala nayo. Naandika ili ukweli ubaki mahali.

Jana, ukumbini hapa Manundu, harusi ya Peter na Asnath. Watu mia tatu. Mimi, Sadala, fundi baiskeli siku za kazi na mpiga tarumbeta siku za Jumamosi, nilipewa kuanza peke yangu bibi harusi akiingia, wenzangu wadakie baadaye. Mlango ukafunguliwa. Watu wakasimama. Nikaweka tarumbeta mdomoni. Mate hakuna! Mdomo mkavu kama unga wa dona. Nikapuliza, ikatoka pumzi tupu. Nikapuliza tena, ikatoka sauti ya mbuzi aliyefungiwa. Bibi harusi akasimama palepale, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Mtoto mmoja akacheka. Kisha wakubwa.

Fabiani akadakia. Huyu husimama kushoto kwangu, alijifunzia tarumbeta kanisani huko milimani na sijawahi kumsikia akikosea. Kapiga wimbo wote amefumba macho. Kujionyesha tu.

Baada ya shughuli Mzee Mbaruku, mwenye bendi, kaniita nyuma ya majiko ya pilau. Hakufoka. Afadhali angefoka. Kasema Jumamosi ya tarehe 23 tuna harusi Kwaluguru, nitaanza tena peke yangu, na nikishindwa narudisha tarumbeta na kupewa matoazi.

Kwaluguru! Kwa wakwe zangu! Bibi harusi ni Mwanaidi, binti wa baba mdogo wa mke wangu Rukaya. Baba mkwe, Mzee Athuman, kwa miaka sita anaambiwa (na mimi) kwamba mkwewe ndiye tarumbeta la kwanza Korogwe nzima. Hajawahi kunisikia. Siwezi kusimama mbele yake nikigonganisha masahani.

Jumatatu, 11 Novemba

Sababu nimeipata. Si woga. Ni upungufu wa mate. Rukaya anasema mate hukaushwa na woga, kwa hiyo ni kitu kilekile. Si kitu kilekile. Woga ni tabia, mate ni jambo la kiufundi, na mimi ni fundi.

Kanishauri nimwendee Mzee Mbaruku nimwambie wazi kwamba mbele za watu naogopa, aniruhusu nianze na mwenzangu. Mficha maradhi kifo humuumbua, kasema. Nimemjibu kwamba mimi sina maradhi. Kaendelea kuchambua mchicha.

Mpango: maji. Mwenye maji mengi tumboni hawezi kukauka mdomo.

Jumanne, 12 Novemba

Mazoezi Kilole, nyuma ya nyumba ya Mzee Mbaruku. Nilikunywa lita tatu kabla. Mdomo ulibaki mkavu vilevile, maji yalikwenda kwingine. Nimetoka mara nne katikati ya wimbo, mara ya nne mbio. Mzee Mbaruku kasema mkamia maji hayanywi. Wote wamecheka, ingawa mimi tatizo langu ni kwamba nilishayanywa.

Fabiani kanisindikiza hadi njia panda. Hakuna aliyemwomba. Anasema hata yeye huogopa, magoti humtetemeka, ndiyo maana hufumba macho. Anasema nianze na sauti ya chini, ndefu, nisikimbilie juu, na nikikosea niendelee tu. Mjanja huyu! Anataka nianze chini ili yeye aonekane juu. Nimemshukuru kwa adabu na nimekusudia kufanya kinyume.

Jumatano, 13 Novemba

Nimepata!

Yusra, mdogo wake Rukaya, anakaa kwetu na huuza maembe mabichi ya chumvi na pilipili karibu na shule. Leo mchana nilikuwa uani nafanya mazoezi, nikajifanya nipo Kwaluguru, mdomo ukakauka papo hapo. Yusra alikuwa anamenya. Akakata kipande, akakichovya kwenye pilipili, akatafuna, akafumba jicho moja. Mate yakanijaa mpaka kwenye fizi! Nikapuliza, tarumbeta likalia vizuri hadi jirani akazima redio ili anisikilize. Rukaya anadai jirani alikuwa na sababu nyingine.

Mpango: Yusra akae mstari wa mbele Kwaluguru na ale embe mbele ya macho yangu, pale tu bibi harusi atakapotokea. Nimemweleza. Kacheka mpaka kakaa chini. Mimi ni shemeji yake, ana haki ya kunitania, na haki hiyo huitumia yote. Kasema sawa, kwao si ni hukohuko. Kauliza abebe maembe mangapi. Nimesema moja.

Ijumaa, 15 Novemba

Kuna dosari. Mate yamezidi. Leo tumejaribu, tarumbeta likagugumia na nikalazimika kutema.

Kutema mate mbele ya wakwe! Mtu anaweza kuharibu wimbo Kwaluguru na siku moja akasamehewa. Akitema mate mbele ya mama mkwe, atasimuliwa mpaka wajukuu wazeeke. Na kumeza huku unapuliza haiwezekani, nimejaribu, nusura nife.

Kwa hiyo nahitaji mate ya wastani. Wastani huja kwa mazoezi. Kuanzia kesho, asubuhi na jioni, Yusra atakula na mimi nitapiga.

Jumatano, 20 Novemba

Maendeleo makubwa. Jumamosi nilitema mara sita. Jumapili nne. Juzi mbili, jana moja. Leo Yusra kamaliza embe zima, pilipili mpaka machozi yanamtoka, na mimi sikutema hata tone. Mate nimeyatawala!

Rukaya kauliza kama mdomoni yamebaki mate yoyote. Swali la mtu asiyejua muziki. Yusra naye analalamika kwamba meno yamekufa ganzi, hata ugali anaumeza bila kutafuna. Nimemwahidi kumnyoosha rimu ya baiskeli yake.

Ijumaa, 22 Novemba

Yusra katangulia Kwaluguru asubuhi na furushi zito. Nimemsaidia kulipakia, mgongo umelia. Nimeuliza kuna nini ndani. Kasema nguo za harusi.

Jumapili, 24 Novemba

Naandika nikiwa nimetulia. Hivi ndivyo ilivyokuwa jana.

Tulifika Kwaluguru saa sita, bendi nzima juu ya kirikuu, kigari cha mizigo, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikampa baba mkwe shikamoo. Kaitikia, kanishika mkono hakuuachia, kawatangazia wazee wenzake kwamba huyu ndiye. Wazee wakageuza viti kuniangalia vizuri. Nilitamani kulia, naandika hivyo kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Saa nane bibi harusi alitakiwa kutoka. Hakutoka, mpambaji alikuwa hajamaliza. Saa tisa bado. Jua kali, pilau halijapakuliwa, wageni njaa inawauma. Ndipo nikamwona Yusra. Sikumwona na embe. Nilimwona na beseni! Kaleta maembe ya kutosha shule nzima, yameshakatwa, na mstari wote wa mbele ulikuwa unanunua. Na wa pili. Mama mkwe alikuwa na vipande viwili mkononi. Nikamfanyia Yusra ishara ya kumkataza. Akanipungia mkono.

Mlango ukafunguliwa. Mwanaidi huyo! Mzee Mbaruku akaniinulia kidole. Nikatazama mbele: watu arobaini wanatafuna embe la pilipili, kila mmoja kafumba jicho moja. Nikasubiri mate. Hayakuja! Wiki nzima nimeyazoesha macho yangu embe, hata mdomo hauna habari nalo tena. Ulikuwa mkavu kuliko siku ya Manundu. Nikapuliza. Pumzi tupu.

Fabiani akainua tarumbeta lake kuniokoa. Lakini Fabiani hakuwa amefanya mazoezi ya embe. Likatoka povu. Akameza, akajaribu tena, likagugumia. Wapiga tarumbeta wengine wawili hivyohivyo. Mzee Mbaruku mwenyewe, na lile tarumbeta lake kubwa, mashavu yamemjaa, anatafuta pa kutema na hapaoni. Bendi nzima ikawa inameza. Bibi harusi mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Sijui maharusi nani huwafundisha kusimama hivyo.

Baba mkwe alikuwa ananitazama. Si kwa hasira. Alikuwa anasubiri, na bado ananiamini, na hilo ndilo lililonimaliza. Matoazi yalikuwa chini miguuni pangu, mwenye nayo yuko kwenye foleni ya embe. Nikaweka tarumbeta chini, nikayachukua, nikayagonganisha. Sijui kwa nini. Mikono ilitaka kufanya kitu. Mpiga ngoma akanifuata. Wanawake wakapiga vigelegele, wakashika wimbo wao wa Kizigua, na Mwanaidi akatoka akicheza kwa mabega.

Dakika ishirini tulikwenda hivyo! Sikuogopa hata moja. Niliziona sura za watu kwa mara ya kwanza tangu nianze muziki. Mama mkwe alikuwa anacheza na kipande cha embe mkononi. Nilifurahi, nakiri.

Baadaye baba mkwe kawaambia wazee kwamba wengine wote walishindwa, mkwewe peke yake ndiye aliyepiga. Mzee Mbaruku kachukua tarumbeta langu na kuniachia matoazi. Njiani Fabiani kasema nimeiokoa shughuli. Nilitafuta kejeli katika maneno yake, sikuiona. Wakajiuliza yale maembe yalitoka wapi. Sikuona haja ya kuchangia.

Jumanne, 26 Novemba

Nimeyakubali matoazi. Rukaya anasema nimepata mahali pangu, nishukuru. Nimeshukuru. Kwenye matoazi hakuna mate wala kupuliza, unasimama nyuma ya ngoma na kusubiri zamu yako. Baba mkwe kapiga simu kuuliza nitapiga tena lini. Mambo yametulia.

Yalitulia mpaka saa kumi. Mazoezini Kilole Mzee Mbaruku katangaza kwamba tangu Kwaluguru watu wanausifu ule mwanzo wetu, wanadhani ulipangwa. Harusi ya Jumamosi, ya Raheli binti wa mwenye mashine ya kusaga, tutaanza hivyohivyo: matoazi pekee, mara tatu, halafu kimya, ndipo bendi iingie. Wote wakanitazama. Viganja vikalowa jasho papo hapo. Toazi la mkono wa kulia likaniponyoka, likabiringika hadi kwenye banda la kuku.

Fabiani kajitolea kuanza pamoja nami. Rukaya kasema nimweleze Mzee Mbaruku kwamba naogopa. Hawaelewi. Si woga. Ni jasho, na jasho ni jambo la kiufundi. Ukimtazama mtu anakula kitu cha baridi kali, mwili wako nao hupoa na viganja hukauka. Nimemwambia Yusra aje Jumamosi, akae mbele kabisa, ale barafu ya ubuyu nikiwa namtazama.

Kauliza abebe barafu ngapi. Nimesema moja. Nimemwacha uani, anaosha deli kubwa la jirani, lile la kuuzia barafu.