Kompyuta ya Idrisa Ionje Kwanza

Jumatatu, 10 Juni

Ukungu mpaka kizingitini. Baridi ya kukata masikio. Lakini mimi Benjamini sina habari nayo, leo nimekabidhiwa jambo!

Mama mkwe wangu, Mama Efrazia, alifika na kikapu chake saa za chai. Nikampa shikamoo ya kuinama hasa. Akasema Jumapili ya tarehe 23 kanisani ni ibada yake ya shukrani, anatimiza miaka themanini, wajukuu wote wanakuja mpaka wa Dar es Salaam. Anataka picha ya marehemu mzee Abrahamu ichapishwe kubwa, isimame mbele. Akaniangalia. Mimi!

Picha yenyewe ni moja. Marehemu alikubali kupigwa mara moja tu maishani, kasimama kwenye mlango wa kanisa likijengwa, mkononi mwiko wa fundi. Ile ya karatasi iliharibika masika iliyopita. Unyevu uliigandisha kwenye kioo, tulipoivuta tukabaki na sikio na nusu ya kofia. Bahati nzuri binti yetu Janeth, yule aliyeko Tanga, alikuwa ameshaiweka kwenye kompyuta. Kompyuta iko sebuleni kwangu. Kwa hiyo baba mkwe yuko sebuleni kwangu. Tangu nimuoe Beatha, mama yake hajawahi kunikabidhi kitu zaidi ya jembe.

Beatha kashauri nikaichapishe Lushoto kesho na mapema. Nimemwambia haraka haraka haina baraka. Nataka kwanza niizungushie maua, na chini niandike: Imeandaliwa na mkwe, Benjamini. Kwa herufi ndogo. Ndogo zinazosomeka mpaka benchi la nyuma.

Jumanne, 11 Juni

Janeth kapiga simu. Virusi! Kasema siku hizi vimejaa, vinaingia kwa flashi na kwa kubonyezabonyeza ovyo. Ninunue antivirusi, nisichomeke flashi ya mtu, na kila kitu cha maana nikiweke mahali pengine pia. Nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, mwanangu.

Nikampigia Heri, fundi wa kompyuta pale Lushoto, kuuliza bei ya antivirusi. Akaitaja. Nikasema mtandao unakatakata, nikakata.

Kuhusu flashi, Janeth hakai Mlola. Nyumba yenye kompyuta hapa ni kama nyumba yenye bomba. Kwaya wanataka nyimbo. Mika wa bodaboda anataka za redio yake. Mjomba wa Beatha anatoka Rangwi na flashi imefungwa kwenye leso, anataka filamu za mapigano. Nimkatalie mtu aliyekwisha kunywa chai yangu? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila kwa flashi hizi mwenyeji haponi.

Mchana, katikati ya kupalilia kabichi, wazo likanishukia mpaka jembe likanitoka mkononi. Idrisa!

Idrisa ni jirani wa ng'ambo ya mfereji. Mkulima wa karoti, mwenye majigambo. Ana kompyuta ya mezani, kubwa, kaifunika kitambaa cha kufuma, na kila akikutana nami anauliza kama yangu bado inawaka. Sasa basi. Wafalme wa zamani walikuwa na mtu wa kuonja chakula. Akianguka, mfalme hali. Kompyuta ya Idrisa ndiyo itaonja! Flashi ikija, naipeleka kwake kwa kisingizio, naichomeka. Ikimdhuru, najua ni mbaya. Isipomdhuru, naileta nyumbani kwa amani. Antivirusi ya bure, tena inanipikia chai!

Nimecheka peke yangu shambani. Waliopita barabarani wamepunga mkono wakaongeza mwendo.

Alhamisi, 13 Juni

Mpango unakwenda kama maji ya mfereji. Flashi ya Mika nimeionjesha kwa kisingizio cha kuuliza mbegu za karoti. Ya kwaya, kwa kisingizio cha kuuliza kama kwao umeme upo. Ya mjomba, kisingizio kiliniishia, nikasema nimemkumbuka tu. Idrisa kaguswa. Kaagiza chai ya tangawizi kila safari. Tumbo limejaa tangawizi.

Kompyuta yake ilitoa kidirisha chekundu. Idrisa akakifunga, akasema huwa inafanya hivyo. Basi. Flashi zote safi!

Jambo moja la kushangaza. Idrisa naye siku hizi haishi kuja kwangu. Jana kaja na flashi anionyeshe picha za karoti zake. Leo kaja na flashi nyingine, karoti zilezile. Sikuweza kumkataza, angeshtuka na mpango ungevuja. Anaichomeka, anaitazama kompyuta yangu kwa makini, kichwa upande, halafu anashukuru na kuondoka kabla hatujamaliza karoti. Huo ni wivu. Masikini.

Ijumaa, 14 Juni

Siku ngumu. Mama mkwe kaja tena. Na flashi!

Kapewa na mjukuu, ina nyimbo zitakazoimbwa kwenye ibada. Anataka azisikilize hapo hapo. Jasho likanitoka na baridi hii. Kumkatalia mkwe, haiwezekani. Kwetu hata kigoda alichokalia mkwe hukikalii. Na kuipeleka flashi yake kupimwa mbele ya macho yake ni sawa na kumwambia hajaoga.

Nikapata akili. Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba flashi imetoka kwenye baridi ya njiani, ikichomekwa baridi itapasuka, ngoja niitembeze ipate joto. Nikaitia kwapani, nikatoka mbio. Mfereji nikauruka. Kwa Idrisa nikaichomeka, kidirisha chekundu, kikafungwa, hakuna kilicholipuka, asante, mbio nyumbani.

Nikaichomeka kwangu. Nyimbo hakuna. Kuna vitu vyenye vishale vidogo, ukivibonyeza havifunguki. Mama mkwe akauliza nyimbo zimekwenda wapi. Nikasema labda mjukuu alisahau kuziweka. Akasema asubuhi alizisikiliza kwenye redio ya jikoni kwake.

Mama mkwe akachukua flashi yake, akaifunga kwenye pindo la khanga, akaniangalia kwapa kwa muda mrefu.

Jumamosi, 15 Juni

Balaa! Kompyuta inaumwa. Inafungua vidirisha yenyewe. Vishale kila mahali. Nikabonyeza mzee Abrahamu: kishale. Jina lipo, mtu hayupo.

Sikumwambia Beatha. Nimezima, nimewasha. Nimeipuliza vumbi. Nimeiombea, kwa ufupi.

Halafu, rehema! Kwenye kioo kikatokea kibao kikubwa cha kijani kinawakawaka. Kinasema kompyuta yangu ina virusi zaidi ya elfu moja, nibonyeze hapo isafishwe bure. Kilikuwa kwa Kiingereza, lakini neno bure nalijua kwa lugha yoyote. Nikabonyeza. Kikauliza kama nina hakika. Nikabonyeza tena kwa hasira, sipendi kuulizwa mara mbili.

Ikasafisha. Ikasafisha kweli. Vishale vyote vimeondoka. Na nyimbo za kwaya, na filamu za mjomba, na mzee Abrahamu. Kioo kimebaki kitupu kama uwanja wa kanisa siku ya Jumatatu.

Jumatatu, 17 Juni

Idi. Idrisa katualika. Pilau la Mwajuma, mkewe, lingeweza kumfufua mtu, lakini mimi nimelila kama dawa. Beatha kaniuliza nina nini. Nikasema meno.

Baada ya kula, Idrisa akanivuta pembeni, uso umemshuka. Kompyuta yake imekufa. Kabisa. Picha zake zote, mbegu, bei, kila kitu. Akasema haelewi, alikuwa mwangalifu mno. Nikauliza mwangalifu vipi. Akajikuna kidevu. Siku ya sikukuu mtu hasemi uongo, akaungama: kila flashi aliyoletewa alikuwa anaileta kwangu kwanza.

Nikabaki na kijiti cha meno mdomoni. Zile karoti!

Nikakasirika kweli. Nikamwambia huo ni unyama, kumfanyia jirani hivyo. Akaniuliza, kwa upole, mimi nilikuwa nimemkumbuka kwa nini mara tatu kwa siku moja. Tukatazamana. Halafu nikacheka mimi, akacheka yeye, tukacheka mpaka Mwajuma akatoka na mwiko wa pilau kuangalia nani kapaliwa. Tumehesabu pamoja: kila flashi safi iliyoingia kwake ilitoka chafu, nikaileta kwangu, na za kwake vivyo hivyo. Hata ya mama mkwe. Flashi ya mkwe wangu ilikuwa safi kama maziwa, mimi ndiye niliyeipeleka ikaugua.

Nimerudi nyumbani nacheka. Kufika mlangoni nikakumbuka picha. Kicheko kikakata.

Jumatano, 19 Juni

Gari la asubuhi mpaka Lushoto. Heri kaigeuza kompyuta chini juu, kaniuliza kama nakala ipo mahali pengine. Nikamuuliza yeye ni fundi au ni Janeth. Kasema picha haipo tena.

Nimuulize Janeth kama anayo? Kamwe! Atajua. Jana kapiga, kauliza picha ya babu inaendeleaje, nikasema inapendeza, maua yanamfaa.

Usingizi hauji. Nikifumba macho namwona Mama Efrazia kanisani, mbele hakuna kitu, meza tupu. Yule mama kakaa miaka yote bila mumewe, kaomba jambo moja tu. Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi tangu siku ya kuposa.

Alhamisi, 20 Juni

Nimepata! Idrisa kasaidia, naye ana hatia yake.

Mzee Abrahamu alikuwa mrefu. Mimi mrefu. Alivaa kofia na koti refu. Koti lipo kabatini kwangu, kofia ya baba yake Idrisa ipo. Mwiko nimeazima kwa fundi anayejenga shule. Mlango wa kanisa ni uleule. Na ukungu, Mungu aubariki ukungu wa Usambara! Kwa mbali, ndani ya ukungu, mtu mrefu ni mtu mrefu.

Masharubu tumechora kwa mkaa. Idrisa akapiga picha kwa simu, akilia machozi, akiniamrisha nisicheke kwa kuwa marehemu hakuwa mtu wa kucheka. Mzee wa kanisa alipita, akanisalimia shikamoo, halafu akasimama, akageuka, akaondoka kwa haraka.

Tumeichapisha Lushoto, kubwa kama mlango. Heri kaitazama, kasema mzee huyu kachoka. Nimeifunga kwa gazeti na kamba. Maua yapo. Jina langu lipo.

Jumapili, 23 Juni



Nimeingia kanisani mapema na mzigo wangu. Mbele, juu ya meza, katikati ya maua ya kweli, mzee Abrahamu kasimama. Yeye mwenyewe! Sikio, kofia, mwiko, macho yale ya kuniuliza nataka nini kwake. Kwenye fremu ya mbao. Pembeni kasimama Janeth.

Kumbe kafika jana kimyakimya, kalala kwa bibi yake. Kumbe picha anayo kwenye simu siku zote. Kumbe Mama Efrazia, Jumatatu ileile alipotoka kwangu, hata hajafika barabarani, alimpigia Janeth na kumwagiza aichapishe Tanga.

Machozi yalinitoka, sitaficha. Nilifurahi kumwona mzee kuliko nilivyowahi kufurahi akiwa hai.

Nikaanza kurudi nyuma na mzigo wangu taratibu. Mama mkwe akaniona. Akaniuliza, mbele ya wajukuu wote, nimeleta nini. Nikasema si kitu. Akasema nifungue. Mkwe hakataliwi. Nikafungua.

Beatha ndiye aliyeanza. Kasogea, kainama, kasema viatu hivyo vya mvua alivinunua yeye mnadani. Idrisa, aliyekuja na Mwajuma kwa heshima ya shughuli, akatoka nje kwa haraka. Mama Efrazia akatazama picha, akanitazama mimi, akatazama picha. Bega likaanza kumcheza. Kacheka mpaka kashikilia benchi, wajukuu wakamdaka. Sijawahi kumwona yule mama akicheka.

Alipopata pumzi akawageukia wajukuu, akawaambia:

"Huyu Baba Janeth ni mtu mzuri. Ila msimwachie kitu ambacho kipo kimoja tu."

Picha yangu kaomba apewe. Ataitundika jikoni, kasema, ya siku zake za huzuni.

Jumatatu, 24 Juni

Mtu mzuri! Kasema mtu mzuri, mbele ya ukoo mzima! Beatha anadai sentensi ilikuwa na nusu ya pili. Mimi sikuisikia vizuri, watu walikuwa wanacheka.

Janeth karudi Tanga na gari la asubuhi. Kabla ya kuondoka kanisafishia kompyuta, kaweka antivirusi ya kulipia, na kaniachia kidude kidogo cheusi cha kuhifadhia. Humo kaweka nakala ya kila kitu: babu, nyimbo, harusi yetu. Kasema nikichomeke kila Ijumaa. Kanishika mabega akanisihi. Nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, mwanangu.

Nimekaa nacho mezani tangu mchana. Nakigeuza. Kidude kimetoka Tanga. Mji mkubwa, watu wengi. Nani anajua kimechomekwa wapi? Safari hii sitafanya uzembe. Jambo hili ni zito mno kulichomeka hivihivi.

Kwa Idrisa haiwezekani tena, tumeapishana. Lakini Mchungaji kapata kompyuta mpya wiki iliyopita, haijawahi kuumwa hata siku moja. Nimeshaongea na Idrisa. Kesho asubuhi tunakwenda wote wawili kumsalimia.