Nyumba Ishirini na Nne za Architecte Baharanyi

Baharanyi aliingia kwenye duka la fotokopi pale mtaa wa Mapendo, mjini Goma, kwa kazi ndogo tu: kunakilisha kitambulisho kisichokuwa chake. Alitoka na mtaa mzima kichwani.

Ilikuwa hivi. Nyuma ya mashine ya fotokopi alikaa binti mmoja, Émérance, akichora kwenye kompyuta. Alisomea ujenzi miaka miwili, vita vikamkatiza, na tangu hapo alikuwa anachora vyoo vya mashule kwa yeyote aliyemwomba. Siku hiyo wateja walikuwa wachache, akaamua kuchora kitu cha kumfurahisha mwenyewe. Akajenga nyumba moja ya vyumba vitatu, akaipa paa jekundu na dirisha pana. Kisha akaikamata, akabonyeza, nyumba zikawa sita. Akabonyeza tena, kumi na mbili. Akabonyeza tena, ishirini na nne, zimejipanga kando ya barabara mbili zisizo na hata shimo moja, jambo ambalo sisi wa Goma hatujawahi kuliona kwa macho yetu.

"Mama yangu!" Baharanyi akasema. "Dada, umejenga zote sasa hivi?"

"Nimejenga moja, papa. Hii moja ndiyo mama, zingine ni batoto yake. Nikimugusa mama, batoto bote banabadilika."

"Na sima, saruji yote hii umetoa wapi?"

"Sima gani? Si ni picha."

Baharanyi akavuta kiti akakaa bila kukaribishwa. Ni vizuri mumfahamu mtu huyu. Alikwisha kuuza jenereta lenye ganda tu, injini hakuna. Alikuwa pasta wiki mbili na nesi siku tatu, na nawaambia, wagonjwa bado wanamuulizia. Msimwite muongo. Muongo anajua kwamba anadanganya, lakini Baharanyi aliamini kila neno lake mpaka asubuhi ya kukimbia.

Na alichokiona mara moja ni hiki. Kila vita vikija, mashirika yanafuata nyuma na magari meupe. Wenye magari meupe wanataka mahali pa kulala, na wanalipa kwa dola. Kwa hiyo mkimbizi analala chini ya bâche, turubai la msaada, na matajiri wa mji wanagombania nyumba za kumpangisha yule aliyekuja kumsaidia mkimbizi. Mimi sikuupanga ulimwengu hivyo, msinitolee macho.

"Dada," Baharanyi akasema, "kuanzia leo miye ni architecte, mwenye kuchora manyumba."

"Ulisomea wapi?"

"Nitasomea kwako. Unichoree hii mtaa vizuri, na ukiwa na shida yoyote, uniambie."

Shida Émérance alikuwa nayo, lakini hakumwambia. Mama yake, Béata, mjane, alikimbia kutoka Kibati, kaskazini mwa mji, na sufuria moja na karatasi ya kiwanja ameifunga kifuani. Nyumba yao ya mbao iliungua kwenye mapigano. Sasa ulikuwa mwezi wa nane analala kambini chini ya bâche iliyotoboka, na kifua kilianza kumsumbua. Wapiganaji walikuwa wamesogea kaskazini, watu wanarudi Kibati mmoja mmoja, na kila aliyekuta kiwanja bila nyumba aliingiza miti yake akasema ni pa babu yake. Mvua ilikuwa karibu. Mama Béata akikosa nyumba pale kabla ya mvua, kiwanja kitaondoka na karatasi itabaki ya kufungia karanga. Hilo ndilo lililomkosesha Émérance usingizi.

"Hizi nyumba tutaziweka wapi?" akauliza.

"Popote! Congo ni kubwa."

Émérance akafungua picha ya satelaiti. "Kibati je?"

"Kibati safi kabisa. Batu banaogopa kwenda kuangalia."

Basi tusifichane, wasomaji wangu. Émérance alikuza ile picha mpaka akaona mawe ya msingi wa nyumba yao iliyoungua, kwenye kiwanja cha mita kumi na tano kwa ishirini, kati ya mikalitusi miwili. Akaleta nyumba namba moja, akaizungusha taratibu, akaiweka juu ya mawe yale, pembe kwa pembe. Zile nyingine ishirini na tatu alizimwaga popote zilipoangukia. Baharanyi alikuwa pembeni yake wakati wote ule, anachagua rangi ya maua.

Wateja wa kwanza walikuwa wawili. Papa Kataliko aliuza mabati na misumari, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, na alikwisha kuuziwa mara mbili viwanja visivyokuwepo. Mama Eugénie aliuza vitenge vya jumla, na hakupenda mtu mwingine awe na kitu ambacho yeye hana. Baharanyi aliwaweka kwenye ukumbi wa hoteli moja, akawapa fanta, akazima taa. Émérance akakaa kwenye kompyuta. Mtaa ukatokea ukutani, na wote wawili wakasahau fanta zao.

"Karibuni," Baharanyi akasema kwa sauti ya padri wa Pasaka. "Hapa hakuna matope. Hapa hakuna vumbi. Angalieni ziwa."

"Ziwa, huku Kibati?" Kataliko akashangaa. "Si iko mbali sana?"

"Tumelisogeza, papa. Ni mambo ya teknolojia."

"Na volkano? Volkano sioni."

"Tumeizima."

"Mumeizima!" Mama Eugénie akashika kichwa. "Ni kweli?"

Émérance akabonyeza mahali, Nyiragongo ikatokea na moshi wake. Akabonyeza tena, ikapotea. Mama Eugénie akapiga ishara ya msalaba. Kisha akasogea karibu na ukuta, akanyoosha kidole.

"Na huyu muzungu mwenye kutembeza mbwa ni nani?"

Ile programu ilikuja na watu wake wa kupamba picha, kila mmoja na mbwa wake au baiskeli yake. Baharanyi hakupepesa hata jicho.

"Ni mupangaji wako, mama."

"Ameisha kuhamia?"

"Anangojea funguo tu. Muone vile anazunguka na mbwa wake, hana pa kumulaza."

"Masikini!" Mama Eugénie akasema, na huruma ilimshika kweli. "Miye nataka nyumba yenye balkoni, akuwe anapumzika."

Émérance akaweka balkoni. Lakini aliigusa ile nyumba mama, na nyumba zote ishirini na nne zikaota balkoni kwa mara moja.

"Ah-ah!" Mama Eugénie akawaka. "Nani amepatia Kataliko balkoni yangu?"

"Mama, miye sijaomba kitu," Kataliko akasema, "lakini yangu isitolewe."

Walibishana mpaka mwenye hoteli akaja kuuliza kuna nini. Baharanyi akawatuliza kwa kumwambia kila mmoja, sikioni, kwamba balkoni ya mwenzake ni ya mbao mbovu. Halafu akafungua mkoba wake, polepole. "Basi, avance, feza ya mbele."

Kataliko akaweka mkono juu ya mkoba akaufunga. "Picha nimeiona, imenifurahisha. Lakini mara ile ya kwanza nililipa juu ya picha, na mara ya pili pia. Safari hii unisimamishie moja. Nitagonga mulango kwa mkono huu. Mabati nitakupa miye, bure, sharti jina ya duka yangu iandikwe juu ya paa."

Baharanyi alitembea Goma nzima akiwaza, na jioni akauza pikipiki yake. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: nyumba moja ya mbao, iliyopigwa misumari michache, inasimama wiki moja tu, wateja wanagonga mlango, wanalipa, yeye anaing'oa, anauza mbao, anavuka mpaka. Fundi alienda Kibati na pulani ya Émérance, akapima kutoka mikalitusi miwili, akakuta msingi wa mawe umeshalala pale tayari. Akamshukuru Mungu, akajenga juu yake. Kuhusu misumari, Émérance alimnong'oneza fundi kwamba upepo wa volkano ni mkali, apige ya kutosha. Fundi alipiga ya kutosha mara mbili.

Baharanyi hakwenda kuona. Alikuwa na nyumba yake kwenye kompyuta, ilimtosha.

"Kumebaki kitu kimoja," akamwambia Émérance. "Nataka mutu wa kupokea funguo. Mama fulani wa kambini, mwenye kujua kulia. Matajiri bakiona masikini ameingia, bataogopa kubaki nyuma."

Émérance akainama juu ya kibodi ili uso usimsaliti. "Kuko mama moja ninamufahamu. Lakini batu ba Kibati hawataamini kama chef wa kijiji hayuko."

"Umulete chef! Na kasiksi pia, nitalipa miye. Tufanye sherehe!"

Hapo ndipo alipojimaliza. Maana kwetu, mtu akipewa nyumba mbele ya chef na mashahidi, jina likaandikwa kwenye daftari, na kasiksi, ile pombe ya ndizi, ikazunguka mdomo kwa mdomo, basi nyumba imetoka, hairudi. Hata hakimu hataki kusikia zaidi, atauliza tu nani alikunywa. Baharanyi aliijua desturi hiyo, kwao Bukavu iko pia. Ila alikuwa amecheza michezo mingi mno, akawa anaona kila kitu ni mchezo.

Jumamosi asubuhi watu walijaa kati ya ile mikalitusi. Nyumba ilisimama, mbao bado zinanuka vizuri, na juu ya paa maandishi makubwa: KWA KATALIKO MABATI HAYAVUJI. Chef Hitimana alikuwa amevaa koti lake la ibada. Mama Béata alisimama mbele na kitenge chake pekee kizima. Baharanyi alikuwa amemwambia alie akisikia neno "funguo". Lakini alipouona mlango, mahali palepale ulipokuwa mlango wake wa zamani, alianza kabla ya wakati, na hakuweza kunyamaza.

"Anacheza muzuri!" Baharanyi akamnong'oneza Émérance. Émérance alitazama upande mwingine.

Baharanyi akapanda juu ya jiwe. Watu mia wanamsikiliza, pombe imeshaanza kuzunguka, na mdomo wake ukashika njia wenyewe.

"Mama Béata! Nyumba hii, mbao zake, mabati yake, mulango na kufuli yake, nakupa miye Baharanyi, weye na batoto bako na bajukuu bako! Na muulizeni, alilipa nini mbele? Bure! Hajalipa kitu! Kwa architecte Baharanyi mutu anaingia kwanza, mambo ya feza ni nyuma!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Chef Hitimana akaandika polepole, neno kwa neno, akamgeuzia daftari. Baharanyi akatia saini ndefu yenye mikia mitatu. Kibuyu kikafika kwake, akanywa, akampa Mama Béata, naye akanywa.

Kataliko akagonga mlango. Akagonga tena. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu viwanja vile viwili.

"Nimeamini," akasema.

Baharanyi akafungua mkoba. "Basi, papa, avance."

"Avance gani tena? Si umesema hapo juu ya jiwe? Mutu anaingia kwanza. Unisimamishie ya pili, nikigonga mulango nalipa yote."

"Na ya tatu ni yangu," Mama Eugénie akasema. "Na usisahau balkoni. Hii haina balkoni, nimeiona, na sitanyamaza."

Wakapanda gari lao wakaenda. Baharanyi alibaki na mkoba wazi.

Jumatatu alirudi na kamioneti, fundi, na chuma cha kung'olea misumari. Jikoni moshi ulikuwa unatoka. Dirishani kulikuwa na pazia. Mama Béata alitokea mlangoni na mwiko mkononi, na kikohozi chake kilikuwa kimepungua.

"Mama, mchezo umekwisha," Baharanyi akasema.

"Mchezo gani, mutoto yangu?"

"Si nilikuambia ni maonyesho! Nimekuja kuchukua mbao zangu."

Émérance akatokea nyuma ya mama yake. "Papa Baharanyi, hapa ni parcelle yetu, kiwanja ya mama, tangu mbele ya vita. Karatasi iko, chef anaijua. Nyumba umetoa weye, mbele ya batu mia, na kasiksi ulilipa weye."

"Ulinitega!"

"Niliuliza nyumba tuiweke wapi. Ulisema popote."

"Nitakupeleka kwa hakimu!"

"Twende. Hakimu atauliza ulijenga kwenye kiwanja ya nani. Utamuambia nini?"

Baharanyi akainua chuma, akasogea kwenye ubao wa kwanza. Nyuma yake gari likapiga honi. Ni Kataliko, na karatasi mpya za mabati juu ya gari lake, amekuja kuona kazi ilipofika.

"Architecte!" akapiga kelele kwa furaha, alipomwona ameshika chuma. "Kumbe unaanza ya pili!"

"Ee," Baharanyi akasema. "Ee, papa. Tunapima."

Fundi akageuza uso akacheka ndani ya kofia yake. Kataliko akapakua mabati, akaahidi kupita kila siku mpaka nyumba zote ishirini na tatu zisimame. Alipoondoka, Mama Béata alimtazama yule mtu aliyesimama juani na chuma chake. Alikuwa na hasira naye, na alikuwa na shukrani kwake, na hakuona sababu ya kuficha hata moja.

"Ulitaka kuning'olea nyumba, mushenzi weye," akasema. "Ingia ukule. Sombe iko tayari. Lakini viatu uache inje, sakafu ni mupya."

Baharanyi akatazama mbao zile za sakafu, pikipiki yake yote, zimepigwa randa vizuri. Akainama, akafungua kamba. Akaingia na soksi, ya kushoto imetoboka kidole, ndani ya nyumba pekee aliyowahi kumjengea mtu.