Kamati ya Kukata Mikia ya Namba

Umma unatangaziwa kwamba, kuanzia kiangazi hiki, namba zote za mgao wa maji katika eneo letu hazitakuwa tena na mkia, yaani nukta na vinavyoifuata. Natangaza mimi, Hilary, Katibu wa Kamati ya Kuoanisha Mwonekano wa Vikokotoo, tena kwa fahari.

Hali ilikuwa mbaya. Tulikuwa na maboza manne ya maji kwa wiki, na kule Olbalbal kuna maboma kumi. Kikokotoo changu kilisema kila boma lipate 0.4. Cha Hyasinta wa mipango kikasema 2/5. Cha Mwenyekiti Wilibrodi, alichoachiwa na mtalii, kikaandika 4×10⁻¹, na yeye akatutaka tusimame kwa heshima ya namba hiyo.

"Si ni kitu kile kile?" aliuliza Hyasinta. Tukamwandikia barua ya onyo. Ofisi haiwezi kusema kitu kimoja kwa midomo mitatu.

Baada ya vikao vizito hotelini Karatu, na supu nzito zaidi, tuliazimia vikokotoo vyote vionyeshe namba nzima tu. Tukagawa upya. Skrini ikaandika 0. Safi, haina ubishi. Maboza yakabaki uani yamejaa pomoni, na sisi tukasifiwa kwa kubana matumizi.

Kwa kuwa Olbalbal hawakutushukuru, tulikwenda kuwapa semina. Njiani gari likachemsha, rejeta ikanywa chupa zetu zote. Tulifika makoo yamekauka, vumbi mpaka kwenye kope. Boma la kwanza lilikuwa la Seenoi, mama mtu mzima, aliyekuwa amekaa kando ya ndama aliyeshindwa kusimama. Ndama wengine walishakufa. Nilimhurumia kweli, ila huruma haikuwemo kwenye ajenda.

"Shikamoo, yeyo," alisema Mwenyekiti, akimwita mama kwa Kimaasai. "Tusaidie maji ya kunywa."

"Marahaba. Lipo dumu moja, la watoto. Mko wangapi?"

"Watano."

"Gaweni kwa mashine yenu. Tufuate utaratibu."

Nikabonyeza moja gawa kwa tano. Skrini ikaandika 0.

"Haya, mmeshapata," akasema, akakaza mfuniko.

Mwenyekiti akalainika. "Yeyo, usitufanyie hivyo. Kwa ndani ipo 0.2, ni skrini tu haionyeshi."

"Na ya ndama wangu, kwa ndani haikuwepo?"

Hyasinta alitazama milimani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mimi, niliyeandika waraka wenyewe, nilibonyeza kitufe cha mpangilio mbele ya bosi wangu. Ikatokea 0.2. Sijawahi kuipenda nukta kiasi kile.

Seenoi hakumimina. "Iache hivyo hivyo. Sasa gawa maboza."

Ikatokea 0.4.

"Pigeni simu."

Mwenyekiti alipanda juu ya boneti kutafuta mtandao, akaagiza maboza kwa kupaza sauti mpaka ofisini Karatu wakamwelewa. Kisha tukakaa kwenye kivuli cha gari, maana Seenoi alisema mpangilio unaweza kubadilika tena tukiondoka. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama vumbi la boza la kwanza lilipoonekana.

Ndama akanywa kwanza. Watoto wakafuata. Mwisho Seenoi akafungua dumu, akatugawia Kamati nzima kwa kikombe kimoja cha bati. Nilikunywa fungu langu lote, na mkia wake.