Wanaoguswa na Muziki wa Chumba Namba Saba

Jumatatu, 3 Machi

Nimeacha bendi! Miaka sita nimepuliza tarumbeta nyuma ya Shemeji, mume wa Dada, kiongozi wa bendi, anayeniruhusu noti tatu tu kwa wimbo. Leo nimemwambia najitegemea. Akacheka mpaka akakaa chini. Nikapandwa na mori, nikaweka dau: Jumamosi saa nne asubuhi nitajaza viti arobaini vya kuazima uani, kwa jina langu peke yangu. Nikishindwa, narudi kumbebea spika mwaka mzima. Nikishinda, yeye ndiye atabeba zangu. (Sina spika. Hilo baadaye.)

Mbio hadi maktaba. Mkutubi amenipa kitabu cha wanamuziki wanaojitegemea, akasisitiza nianze na sura ya kwanza. Nimeitazama. Inaitwa "Mazoezi". Nimeiruka.

Jumanne, 4 Machi

Sura ya pili ni dhahabu! Inasema: tafuta watu wanaoguswa na muziki wako, chukua majina yao, kisha waite. Kumbe kazi yote ni karatasi na kalamu! Nimeandika kwa herufi kubwa: WANAOGUSWA NA MUZIKI WA CHUMBA NAMBA SABA WAANDIKE MAJINA HAPA. Nimeibandika chini ya ngazi, kwenye mlango wa chumba anachoshonea Dada. Hakuna mpangaji asiyepita pale. Dada akaniuliza kama nina uhakika na hilo neno "wanaoguswa". Nikamwambia yeye ashone.

Halafu nikapuliza kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja, dirisha la chumba changu namba saba wazi, ili waguswe vizuri.

Jumatano, 5 Machi

Majina kumi na tisa! Na maoni juu! Wa namba tatu: "Nimeguswa sana, hasa saa nane mchana." Wa namba kumi: "Hata mtoto ameguswa, halali tena." Na yule mzee mstaafu wa posta wa namba sita, tunayegawana ukuta: "Mimi naguswa kuliko wote." Machozi yamenitoka. Miaka miwili hanisalimii, kumbe ni heshima tu.

Shemeji ameisoma karatasi, akageukia ukuta, mabega yanamtikisika. Wivu mbaya.

Nimeongeza saa moja ya kupuliza.

Ijumaa, 7 Machi

Majina arobaini na matatu! Nimeruka ngazi tatu tatu kwenda kumwambia Dada. Nimemkuta Mama Mwenye Nyumba anaibandua karatasi. Nikadhani anataka kuiwekea fremu.

La hasha. Wapangaji wamemwomba aichukue kama malalamiko yao. Kesho saa nne kuna mkutano uani, wote waliotia majina. Wataamua kama tarumbeta linatoka, au natoka nalo.

Chumba hiki nakipenda, na pa kwenda sina. Nilitarajia Dada atanicheka. Hakucheka. Alikata uzi kwa meno, akasema, "Mtu huguswa na wimbo, mdogo wangu. Na kelele pia humgusa."

Leo sijapuliza. Jengo zima limelala mchana. Nimewasikia wakikoroma.

Jumamosi, 8 Machi

Saa nne kamili. Viti arobaini, vyote vimekaliwa, watatu wamesimama! Nimehesabu mara mbili. Nimemwona Shemeji naye anahesabu, amenuna.

Mama Mwenye Nyumba akasoma malalamiko. Mzee wa posta akainua mkono, akasema si haki kumhukumu mtu kwa kusikia ukutani tu, nipulize wanisikie wazi. Nikapuliza. Tarumbeta likalia kama mbuzi. Watu wakacheka. Nikajaribu tena. Mbuzi yuleyule.

Hapo Dada, mlangoni kwake, futi ya kupimia shingoni, akaanza kuimba. Wimbo aliokuwa akiuimba mama yetu jikoni. Una noti tatu tu, na ni zilezile tatu za Shemeji! Hizo nazijua hata nikiwa usingizini. Nikamfuata. Mbuzi akatoweka. Ubeti wa pili viti vikasukumwa pembeni. Ubeti wa nne Mzee wa posta anamzungusha Mama Mwenye Nyumba, na mtoto wa namba kumi amelala fofofo begani kwa baba yake. Sijawahi kufurahi hivi maishani mwangu.

Uamuzi: nabaki. Tarumbeta ni Jumamosi, saa nne hadi saa tano, Dada akiwepo. Siku nyingine kimya.

Shemeji akanivuta pembeni. "Umejaza viti, sikatai. Lakini walikuja kukufukuza."

Nikamjibu kitabu hakikusema waje kwa ajili ya nini.

Jumatatu, 10 Machi

Kwa kuwa sina spika, Shemeji amebeba viti arobaini kuvirudisha tulikoviazima. Nimetembea mbele yake, polepole.

Mkutubi ameniuliza kama sasa nimesoma sura ya kwanza. Nimemweleza kwa upole kwamba wenye kipaji huanzia ya pili. Dada ananitaka tufanye mazoezi jioni. Nimemwambia nina shughuli.

Nina shughuli kweli. Nimebandika karatasi mpya kwenye jengo la jirani: WALIOCHOKA KUKATIWA MAJI WAANDIKE MAJINA, TUKUTANE UANI JUMAMOSI SAA NNE. Kuhusu maji sijui lolote. Lakini kabla ya saa sita mchana, majina sitini na moja! Na hawa hata hawajanisikia.